Mafuta ya taa, hidrojeni, methani au fueli yabisi: roketi ijazwe nini?

Mtumbwi wa dagaa unaotoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, jioni hupakia watu wanne, nyavu, taa na kidumu cha petroli, na asubuhi unarudi na mafuta mengine yakiwa yamebaki. Roketi inayopeleka setelaiti haina anasa hiyo. Katika kila kilo 100 zinazosimama pale chini kabla ya kuwashwa, 90 na ushei ni fueli na oksijeni ya kuichomea, na karibu zote zinaisha ndani ya dakika nane au tisa.

Klabu za sayansi za shule zinapobuni roketi kwenye karatasi, swali la kwanza huwa fueli ipi ina nguvu kuliko zote. Jibu lake ni hidrojeni, na hapo ndipo wengi wanapotea, maana hidrojeni inakuja na tangi kubwa ambalo uzito wake unakula faida hiyo. Afadhali kuuliza hivi: sehemu hii ya roketi inafanya kazi gani, na ni fueli gani inaifanya kwa uzito mdogo, tangi likiwa limehesabiwa humo humo?

Mbona nyingi hivyo

Urefu wa safari si tatizo kubwa. Anga za juu huhesabiwa kuanzia kilomita 100, na hizo ni pungufu ya safari ya basi la Mwanza hadi Shinyanga. Roketi ya kugusa hapo tu na kurudi inahitaji kasi ya kama kilomita 2 kwa sekunde, ukijumlisha kinacholiwa na uzito wake na upepo inaoupasua. Kwa mafuta ya taa, roketi hiyo ingekuwa fueli na oksijeni asilimia 46 tu. Si haba, lakini haitishi.

Kinachotisha ni kubaki huko. Setelaiti ya karibu haianguki kwa sababu inakwenda kilomita 7.8 kila sekunde, na inapoanguka kuelekea chini, dunia nayo inajipinda chini yake. Kwa mwendo huo, ziwa kutoka Mwanza hadi Bukoba linakatwa kwa sekunde 23, wakati meli inayoondoka jioni inafika huko alfajiri. Ongeza kinacholiwa njiani na uzito pamoja na hewa, na hesabu ya kufanyia kazi inakuwa kilomita 9.4 kwa sekunde. Namba hiyo iandikwe juu kabisa ya karatasi ya usanifu.

Sasa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kilo moja ya sukari ikiwa kwenye obiti (njia ya kuizunguka dunia) ya kilomita 400 juu ina nishati ya kama megajuli 33, na lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu hiyo hiyo. Kwa hesabu ya nishati peke yake, lita moja kwa kilo moja ya mzigo ingetosha. Mbona basi zinahitajika kilo 90 na ushei katika kila 100?

Kwanza ni oksijeni. Mashine ya mtumbwi inavuta hewa bure. Kilo moja ya petroli inataka oksijeni kama kilo 3.5 ili iungue yote, na mvuvi hailipii wala haibebi. Roketi inaondoka kwenye hewa nzito ndani ya dakika mbili hivi, kwa hiyo inaibeba oksijeni yake yote, nayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito. Hatua ya kwanza (sehemu ya chini yenye matangi na injini zake, inayoachwa fueli ikiisha) ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ilijazwa lita kama 770,000 za mafuta ya taa na lita milioni 1.2 za oksijeni kimiminika, na vyote viliisha kwa dakika mbili na nusu.

Pili, panga la mashine linasukuma maji ya ziwa, na ziwa halipungui. Roketi haina cha kusukuma isipokuwa inachotapika yenyewe kwa nyuma. Kila msukumo ni kilo zilizotupwa.

Tatu ndiyo yenye uchungu zaidi: fueli ya mwisho kuungua imebebwa na fueli ya mwanzo. Hesabu yake iliandikwa na Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903, na inaingia kwenye kikokotoo chochote chenye kitufe cha ln (logi asilia):

kasi inayopatikana = kasi ya gesi inapotoka × ln (uzito wa kuanza ÷ uzito wa kumaliza)

Logi hiyo ndiyo inayouma. Ukitaka kasi mara mbili, uwiano wa uzito hauwi mara mbili, unajizidisha wenyewe kwa wenyewe: palipokuwa na 4 panakuwa na 16, na mara tatu ya kasi ni 64. Ndiyo maana tofauti ndogo ya kasi ya gesi, ambayo kwenye gari ungeiona ni ya kupuuza, kwenye roketi inageuza meza.

Kipimo cha dumu

Ili ulinganisho usiwe wa maneno matupu, chukua dumu la kawaida la lita 20, lile la njano la kuchotea maji. Likiwa tupu lina uzito wa kama kilo moja. Jaza kila fueli pamoja na oksijeni yake kwa vipimo sahihi, kisha uliza: ikiwa kitu hiki kinatakiwa kufika kilomita 9.4 kwa sekunde kwa pumzi moja, uzito unaoruhusiwa kubaki mwishoni ni kiasi gani, na baada ya kutoa kilo moja ya dumu lenyewe, zimebaki gramu ngapi za injini, nyaya na mzigo?

| Fueli | Kasi ya gesi (m/s, wastani wa hesabu) | Uzito wa lita 1 ya mchanganyiko | Kinachobaki katika kilo 100 | Dumu linabakiza |
|---|---|---|---|---|
| Fueli yabisi | 2,600 | kilo 1.75 | kilo 2.7 | pungufu gramu 30 |
| Mafuta ya taa na oksijeni | 3,200 | kilo 1.02 | kilo 5.3 | gramu 130 |
| Methani na oksijeni | 3,500 | kilo 0.83 | kilo 6.8 | gramu 200 |
| Hidrojeni na oksijeni | 4,300 | kilo 0.36 | kilo 11.2 | pungufu gramu 80 |

Soma safu ya mwisho mara mbili. Hidrojeni, mwenye gesi ya kasi kuliko wote, ameshindwa, kwa sababu lita 20 zake ni kilo 7 na kidogo tu na dumu ni lile lile la kilo moja. Fueli yabisi nayo imeshindwa ingawa dumu lake lina kilo 35. Waliopita wamepita kwa gramu 130 na 200, yaani simu ya kitochi moja au mbili, na bado hatujafunga injini.

Dumu hili limependelea wote. Halizuii baridi, halihimili presha, na kwa fueli yabisi limependelea zaidi, kwa sababu ambayo tutaiona.

Mafuta ya taa

Hii ndiyo fueli ya kuanza nayo kama hujui uanze na nini. Roketi iliyorusha Sputnik, setelaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957 ilitumia mafuta ya taa na oksijeni kimiminika, Saturn V iliyatumia hatua ya kwanza, Soyuz na Falcon 9 zinayatumia mpaka leo. Kila kilo moja inakwenda na oksijeni kilo 2.3 hadi 2.6 kulingana na injini. Yanakaa kwenye tangi la kawaida kwa joto la kawaida, na kwa kuwa lita moja ya mchanganyiko ina uzito karibu sawa na maji, tangi linakuwa dogo.

Ubaya wake unaujua kama umewahi kusafisha chemli: masizi. Injini kubwa hupozwa kwa kupitisha fueli kwenye mirija myembamba iliyozunguka chumba cha moto kabla haijaingia kuungua. Mafuta ya taa yakipata joto kali humo yanaganda kuwa ukoko, ukoko unaziba mrija, mrija uliozibwa haupozi tena, na ukuta unatoboka. Kwa injini ya kutumika mara moja haina neno. Kwa injini ya kurudi na kuruka tena, kila safari ina kazi ya kusafisha. Na mafuta ya kwenye roketi si yale ya kupima kwa chupa dukani, maana yamechujwa ili salfa na vile vinavyoganda haraka vibaki kidogo sana.

Oksijeni nayo ina sharti lake. Fundi wa kuchomelea ana mtungi wa chuma wa kilo 50 hivi, na ndani yake kuna oksijeni isiyofika kilo 10. Roketi ingejengwa kwa mitungi ya namna hiyo isingenyanyuka hata kidogo. Ndiyo sababu oksijeni inapozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri iwe kimiminika, ikae kwenye tangi jembamba, na ijazwe saa chache au dakika chache kabla ya kuruka, kwa sababu inachemka muda wote.

Hidrojeni

Gesi nyepesi hutoka mbio kuliko gesi nzito kwa joto lile lile, na hakuna nyepesi kuliko hidrojeni. Mafundi wanalijua hilo kiasi kwamba hawaiunguzi yote: kuungua kikamilifu kunataka kilo 8 za oksijeni kwa kilo moja ya hidrojeni, lakini injini kuu za Space Shuttle, chombo cha Marekani kilichobeba wanaanga, zilipewa 6 tu, ili hidrojeni iliyobaki bila kuungua itoke nayo na kuharakisha moshi.

Upande wa pili wa shilingi ni ujazo. Lita moja ya hidrojeni kimiminika ina gramu 71. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 1.4, nyepesi kuliko mfuko wa kilo mbili wa unga. Tangi la nje la Space Shuttle lilibeba oksijeni tani 629 katika lita kama 550,000, na hidrojeni tani 106 katika lita karibu milioni 1.5. Sehemu moja ya saba ya uzito imechukua karibu robo tatu ya nafasi.

Halafu baridi: nyuzi 253 chini ya sifuri. Hewa ikigusa bomba lisilofunikwa vizuri inageuka kimiminika na kudondoka. Vyuma vingine vinakuwa vyepesi kuvunjika. Na molekuli ni ndogo kiasi kwamba inapenya kwenye kiungo ambacho maji na hata hewa visingepita. Safari ya Artemis 1 ya kuelekea mwezini iliahirishwa tarehe 3 Septemba 2022 kwa sababu ya hidrojeni kuvuja kwenye kiungo cha kujazia, ikaruka tarehe 16 Novemba. Watu waliofanya kazi na gesi hiyo kwa zaidi ya nusu karne bado inawasumbua, kwa hiyo anayeiandika kwenye karatasi bila kutaja namna ya kufunga viungo ajue ataulizwa.

Inafaa wapi basi? Juu. Hatua ya juu ni ndogo, haipiganii kunyanyuka kutoka ardhini, na kila kilo inayookolewa kule inaokoa kilo kadhaa chini yake.

Methani

Tuanze na kosa la kawaida: mtungi wa jikoni si methani. Ule ni propani na butani. Methani ndiyo karibu yote iliyomo kwenye gesi asilia ya Songo Songo, na ndiyo inayowaka kwenye biogesi ya samadi.

Kwenye roketi inakaa katikati ya mafuta ya taa na hidrojeni, na mara nyingi katikati ndipo pazuri. Inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, karibu na oksijeni, hivyo matangi mawili yanaweza kutenganishwa kwa ukuta mmoja bila mmoja kumgandisha mwenzake. Haiachi masizi ya maana, kwa hiyo ndiyo kipenzi cha wanaotaka injini irudi na kuruka tena. Ni ngeni katika kazi hii: roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye obiti ni Zhuque-2 ya China, tarehe 12 Julai 2023. Kwenye kipimo cha dumu imeongoza, na kwa maoni yetu klabu inayoanza leo na haina haja ya kunakili roketi ya zamani iichague hii, mradi iongeze uzito wa kihami baridi (kifuniko cha kuzuia joto lisiingie) kwenye matangi yote mawili.

Fueli yabisi

Ni kama tofali la mpira mgumu: amoniamu paklorati inayotoa oksijeni, unga wa alumini unaoungua, na gundi ya kuvishika pamoja. Haina pampu, haina bomba, haina baridi. Inakaa ghalani miaka na kuwaka siku unayotaka. Roketi mbili za pembeni za Space Shuttle, kila moja ikiwa na tani kama 500 za mchanganyiko huo, zilitoa karibu asilimia 80 ya msukumo wa kunyanyuka.

Kwa nini wachague gesi ya polepole kuliko zote? Kwa sababu ya dakika ya kwanza. Roketi inapopanda wima, kila sekunde uzito unaila mita 9.8 za kasi. Iliyo na msukumo mdogo hukaa pale pale ikinguruma huku ikichoma tani kwa tani bila kwenda popote. Fueli yabisi inasukuma kwa fujo na kuivusha hapo haraka. Ariane 5 ya Ulaya nayo ilikuwa hivyo: tumbo la hidrojeni, mabega ya fueli yabisi.

Ubaya ni kwamba ukishaiwasha huizimi. Na kasha lote ndilo chumba cha moto, kwa hiyo linajengwa nene kuhimili presha, ndiyo maana tulisema dumu limeipendelea. Ufa mdogo kwenye tofali unaongeza eneo linaloungua, presha inapanda, ufa unazidi, kasha linapasuka. Tarehe 28 Januari 1986 Space Shuttle Challenger ilipotea sekunde 73 baada ya kuruka: baridi ya usiku ilikuwa imekaza mipira ya kuziba kwenye kiungo cha roketi ya pembeni, na moto ukapenya. Mtu asijaribu kuchanganya wala kupika fueli hii nyumbani au maabara ya shule, hata kwa kipimo cha kijiko.

Ipo na familia ya tano, hidrazini na wenzake, zinazowaka zenyewe zikikutana na kioksidishaji (kile kinachotoa oksijeni ya kuzichoma). Zinafaa kwa injini ndogo za setelaiti za kuwasha na kuzima mara nyingi, ila ni sumu kali. Kwa roketi ya kupanda, ziache.

Hatua moja, mbili au tatu

Hapa ndipo fueli inapookolewa kuliko kwenye kuchagua fueli yenyewe. Tuseme mafuta ya taa, mzigo tani 1, na vyuma vya kila hatua (tangi, injini, mabomba) ni asilimia 6 ya uzito wa hatua hiyo.

Kwa hatua moja hesabu inagoma. Kinachoruhusiwa kubaki ni asilimia 5.3, na vyuma peke yake ni 6. Hata ujaze ziwa zima. Ukibana vyuma hadi asilimia 5 roketi inawezekana, lakini ina zaidi ya tani 300 kwa mzigo wa tani moja, na koti moja la rangi lililozidi linaiua.

Kwa hatua mbili, kila moja ikibeba nusu ya kasi, vyuma vikirudi asilimia 6 ile ile, jumla ni tani 30.5. Kila hatua inazidisha kilicho juu yake mara 5.5 hivi, basi. Siri ni kutupa tangi tupu katikati ya safari badala ya kuliburuza.

Hatua tatu zinaleta tani 26.4. Umeokoa tani nne, umeongeza injini nyingine, viungo vingine vya kuachana, na kuwasha injini huko juu mara moja zaidi, ambako roketi kadhaa zimeharibikia. Kwa obiti ya karibu haifai gharama. Falcon 9, yenye hatua mbili, ina tani 549 ikiwa chini na inaweza kupeleka tani 22.8 isiporudishwa, yaani tani 24 kwa kila tani ya mzigo. Kwenda mwezini ni hadithi nyingine, na Saturn V ilikuwa na tatu.

Je, kurushia hapa kwetu kunasaidia?

Linaulizwa kila mara, kwa hiyo tulimalize. Dunia ikizunguka inaisukuma roketi bure kuelekea mashariki. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na zawadi hiyo ni mita 464 kwa sekunde. Baikonur, kituo cha kurushia roketi cha Kazakhstan kilicho kaskazini zaidi, inapata kama 323. Tofauti ya mita 140 inapunguza uzito wa roketi ya mafuta ya taa kwa kama asilimia 4, si kidogo. Urefu wa ziwa, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, unasaidia kiasi cha kutotajwa.

Kasoro ni ramani. Hatua ya kwanza inaanguka mashariki, na mashariki ya Mwanza kuna Magu, Bariadi, Serengeti na watu. Maji yako upande usiofaa. Malindi, Kenya, ina bahari mashariki, na huko Waitaliano walirushia kutoka jukwaa la San Marco. Setelaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kama karatasi yako inataka ikweta, ipeleke pwani.

Chagua kwa kazi

Roketi ya kwanza kabisa, ya kueleza mbele ya walimu kwa robo saa: mafuta ya taa hatua zote mbili. Hesabu ni chache, mifano ya kweli ipo, na hutaulizwa swali la kihami baridi zaidi ya oksijeni.

Roketi ya kurudi: methani chini na juu. Kumbuka fueli ya kutua nayo inahesabiwa kama mzigo wakati wa kupanda.

Mzigo mzito wa kwenda mbali: mafuta ya taa chini, hidrojeni juu. Saturn V ilikuwa hivyo hasa, na sababu ni ile ya dumu. Chini unataka tangi dogo na msukumo, juu unataka kasi ya gesi.

Msukumo haukutoshi kunyanyuka: kabla ya kubadilisha fueli, ongeza fueli yabisi pembeni. Kanuni ya haraka: msukumo uzidi uzito wa roketi kwa angalau robo, vinginevyo inaning'inia ikila fueli.

Kuonyesha kwa macho: puto au chupa

Puto kwenye uzi ni rahisi, ila halionyeshi kitu kuhusu uzito wa fueli. Chupa ya maji inaonyesha. Tafuta chupa ya soda ya plastiki, ile yenye miguu mitano chini. Ya maji ya kunywa ni nyembamba na inapasuka. Kizibo cha mpira kilichotobolewa na kupitishwa valvu ya tyubu ya baiskeli, pampu yenye geji, mabawa matatu ya boksi yaliyofungwa kwa selotepu (gundi ya moto inalegeza plastiki). Usivuke PSI 60. Simama mita tano nyuma, na fanya asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza.

Rusha mara tano kwa maji tofauti: bila maji, robo, theluthi, nusu, robo tatu. Pima sekunde tangu iruke hadi iguse chini. Zidisha sekunde kwa sekunde kisha kwa 1.2, upate makadirio ya mita za juu. Sekunde 5 ni kama mita 30. Theluthi huongoza karibu kila mara. Bila maji cha kutupa ni hewa nyepesi tu. Robo tatu inanyanyuka kwa uvivu, hewa inaisha nguvu maji yakiwa bado ndani, na inaanguka nayo. Ikipinda na kwenda ubavu, pua ni nyepesi: bandika udongo wa mfinyanzi wa ukubwa wa limau.

Maji yale yanayobaki kwenye chupa yana ndugu yake kwenye roketi kubwa, na karatasi nyingi zinamsahau. Tangi haliishi mpaka tone la mwisho. Kitu kinabaki kwenye mabomba na kwenye kona. Weka asilimia moja. Kwenye dumu letu la mafuta ya taa hiyo ni gramu 204, na tulikuwa tumebakiwa na 130. La methani linapoteza 166 kutoka kwenye 200, zinabaki 34, na injini bado haijafungwa.